Huduma zinapowaka bila kungojana: njia ipi uchague kwenye seva yako

Dalili huwa ileile. Seva imezimwa ikawashwa, unafungua programu yako na inakurudishia kosa 502, yaani seva ya mbele haikupata jibu kutoka kwa programu. Unaingia kwa ssh, unaandika `systemctl restart programu`, na mambo yanakaa sawa. Hukurekebisha kitu. Umeiwasha tu mara ya pili, safari hii hifadhidata ikiwa imeshaamka.

Ukiona kuwasha tena kwa mkono ndiko kunakotibu, basi programu yenyewe ni nzima na hifadhidata nayo ni nzima. Kilichoharibika ni mfuatano: mmoja ameanza kazi kabla mwenzake hajawa tayari kumpokea. Dawa zake ni nyingi, na kila fundi ana yake anayoitetea. Hapa nazilinganisha moja kwa nyingine, kwa seva za Linux zinazoendeshwa na systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma zote za seva), na baadaye kidogo kwa kontena. Mfano wangu ni programu ya wavuti inayotegemea hifadhidata ya PostgreSQL, ila hoja ni zilezile hata kama unachongoja ni Redis, foleni ya ujumbe au huduma nyingine uliyoiandika mwenyewe.

## Maswali matatu yanayochanganywa kuwa moja

Nani atangulie? Nani anamhitaji nani? Na yule aliyetangulia anahesabiwa yuko tayari tangu lini? systemd huyajibu maswali haya kwa mistari mitatu tofauti, na makosa mengi niliyokutana nayo yametokana na mtu kudhani mstari mmoja unayajibu yote.

`After=` hupanga foleni tu. Ukiandika `After=postgresql.service` kwenye faili la programu yako (lile la usanidi, `programu.service`, linaloiambia systemd namna ya kuiwasha), maana yake ni kwamba kama zote mbili zinawashwa kwa pamoja, hifadhidata itangulie. Kama hifadhidata haimo kwenye orodha ya vitu vinavyowashwa, mstari huo haufanyi lolote, wala hauivuti. Kazi ya kuvuta ni ya `Wants=` na `Requires=`, lakini hizo nazo hazipangi foleni: weka `Requires=` peke yake na systemd itaziwasha huduma zote mbili sambamba. Ndiyo sababu mistari hii huandikwa kwa jozi.

Swali la tatu, la utayari, halijibiwi kabisa kwenye faili la programu yako. Jibu lake liko kwenye faili la yule unayemngoja, katika mstari wa `Type=`. Hapo ndipo watu wengi hupotelea, na mimi nilipotelea hapohapo.

Seva moja niliyokuwa naitunza ilikatikiwa umeme usiku. Iliporudi, hifadhidata iliwaka, programu haikuwaka. Nilishangaa kwa sababu faili lilikuwa na `After=` na `Requires=`, na juu yake kulikuwa na skripti ndogo ya kungoja poti 5432, ile ya PostgreSQL, ifunguke. Kinga mbili, na zote hazikusaidia. Nilipofungua logi nikaona hadithi yote. PostgreSQL hiyo ilikuwa imejengwa kwa mkono na faili lake lilikuwa la `Type=simple`, kwa hiyo systemd iliihesabu iko tayari mara tu mchakato wake ulipoanza. Skripti nayo iliikuta poti iko wazi, kwa sababu PostgreSQL hufungua poti mapema hata ikiwa bado inajirekebisha baada ya kuzimika ghafla. Programu ikaingia, ikajibiwa `FATAL: the database system is starting up`, ikafa. systemd ikaiwasha tena baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, ikafa tena. Baada ya mara tano ndani ya sekunde kumi, systemd ilikata tamaa na kuandika `Start request repeated too quickly`. Dakika moja baadaye hifadhidata ilikuwa tayari kabisa, na hakukuwa na mtu wa kuigongea mlango.

Tangu siku hiyo, kila njia ninayoiona naipima kwa swali moja: inangoja nini hasa?

## Njia zenyewe kwa jicho moja

| Njia | Inangoja nini | Ikichelewa sana | Hifadhidata ikianguka mchana |
|---|---|---|---|
| `sleep 30` kabla ya kuanza | Saa tu | Programu inakufa | Haisaidii |
| `After=` na `Wants=` | Inategemea `Type=` ya unayemngoja | Inategemea | Haisaidii |
| Skripti ya kungoja | Jibu la swali unaloliuliza | Inafikia ukomo wa muda | Haisaidii |
| `Type=notify` | Tamko la huduma yenyewe | Inafikia ukomo wa muda | Haisaidii |
| Soketi ya systemd | Haingoji. Maombi yanapanga foleni | Wateja wanasubiri | Kwa sehemu |
| Programu kujaribu tena | Muunganisho wa kweli | Inaendelea kujaribu | Inasaidia |

Safu ya mwisho ndiyo ninayoiomba uiangalie kwa makini. Njia nne za kwanza zinatibu asubuhi ya kuwasha seva tu.

## `sleep`

Usiitumie. Namba utakayoiandika umeipima siku ambayo kila kitu kilikwenda vizuri, na siku utakayoihitaji ni siku mbaya: diski inakaguliwa, hifadhidata inajirekebisha, kashe ni tupu. Siku nzuri unapoteza sekunde thelathini bure, siku mbaya hazitoshi.

## `After=` ikiwa na mwenzake

Hii ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu haina gharama na inatoa faida moja ambayo njia nyingine hazina: mfuatano huohuo hugeuzwa wakati wa kuzima. Ukiwa na `After=postgresql.service`, programu yako itazimwa kwanza, imalize maombi iliyonayo, ndipo hifadhidata ifungwe. Watu wanaotegemea skripti za kungoja pekee hulikosa hili, kisha hushangaa kwa nini kila seva inapozimwa logi hujaa makosa ya muunganisho.

Lakini kabla ya kuiamini, angalia `Type=` ya yule unayemngoja:

```
systemctl show -p Type postgresql.service
```

Ikisema `simple`, kungoja kwako ni kwa jina tu. Systemd husonga mbele mara inapozaa mchakato, hata kama programu yenyewe ya kuendeshwa haipo diskini. `exec`, iliyoingia toleo la 240, ni afadhali kidogo: angalau huhakikisha programu imepatikana na imeanza kukimbia. `forking` hungoja mzazi amalize, na kama mzazi ameandikwa vizuri, humaliza pale tu mtoto anapokuwa tayari. `oneshot` hungoja kazi nzima iishe, ndiyo maana inafaa sana kwa kazi kama kuhamisha muundo wa majedwali kabla programu haijawashwa. Kwa `notify`, huduma yenyewe hutamka kwa ujumbe kwamba sasa iko tayari.

Kuna mtego kwenye Debian na Ubuntu ambao lazima niutaje. Ukiendesha amri hiyo hapo juu kule, utaona `oneshot`, na ukifungua faili utakuta linaendesha `/bin/true`. `postgresql.service` ni kifuniko tu. Huduma halisi huitwa kitu kama `postgresql@15-main.service`. Foleni bado inafanya kazi, kwa kuwa huduma halisi imepangwa kutangulia kifuniko. Lakini hifadhidata ikishindwa kuwaka, kifuniko huonyesha kimefaulu, na `Requires=` yako iliyoelekezwa kwenye kifuniko haitajua lolote. Itaje huduma halisi kwa jina lake.

Je, uandike `Requires=` au `Wants=`? Wengi huchagua `Requires=` kwa kuwa inasikika ina nguvu zaidi. Kwa programu za wavuti mimi nachagua `Wants=`, na sababu ni hii. Ukiwa na `Requires=` pamoja na `After=`, na hifadhidata ikashindwa jaribio lake la kwanza, systemd hufuta kabisa kazi ya kuwasha programu yako na kuandika `Dependency failed`. Hata kama hifadhidata itajaribu tena sekunde tano baadaye na kufaulu, programu yako inabaki chini. `Restart=` uliyoiweka haiiokoi, kwa sababu haijawahi kuanza ndipo ianguke. Zaidi ya hapo, `Requires=` humaanisha kwamba ukiiwasha upya hifadhidata kwa `systemctl restart`, programu nayo huzimwa na kuwashwa. Wakati mwingine unalitaka hilo. Mara nyingi hulitaki.

Kama unataka kweli programu ife pamoja na mwenzake, hata mwenzake akianguka mwenyewe bila kuambiwa, mstari wake ni `BindsTo=`. `Requires=` haifanyi hivyo, ingawa wengi hudhani inafanya.

## Skripti ya kungoja

Hii ndiyo njia ninayoitumia pale nisipoweza kugusa huduma ninayoingoja wala programu inayongoja. Nguvu yake yote iko kwenye swali unalouliza. Kuuliza kama poti iko wazi ni swali dhaifu, kama nilivyokwisha kusimulia. PostgreSQL tangu 9.3 ina chombo chake, `pg_isready`, ambacho hurudisha 0 ikiwa hifadhidata inapokea wageni, 1 ikiwa ipo lakini inawakataa kwa kuwa bado inaamka, na 2 ikiwa hakuna anayejibu. Tofauti kati ya 0 na 1 ndiyo ile iliyonigharimu usiku ule.

```
[Service]
ExecStartPre=/usr/bin/timeout 60 /bin/sh -c 'until pg_isready -q -h 127.0.0.1; do sleep 1; done'
```

Kwa Redis, soma jibu lenyewe. `redis-cli ping` ikirudisha `PONG` mambo ni sawa. Ikirudisha ujumbe unaoanza na `LOADING`, data bado inapakiwa kutoka diskini. Kwa MySQL, jihadhari na `mysqladmin ping`: husema seva iko hai hata kama nenosiri lako limekataliwa. Kwa kujua kama imeamka, hilo linatosha. Kwa kujua kama programu yako itaweza kuingia, halitoshi.

Usiiache skripti ingoje milele. systemd kwa kawaida huipa huduma sekunde 90 iwe imewaka, kisha huiua. Hifadhidata kubwa inayopitia upya kumbukumbu zake baada ya kukatikiwa umeme inaweza kuvuka hapo kwa mbali, na ukiiua katikati itaanza upya kazi ileile. Faili la mfano katika maelezo rasmi ya PostgreSQL huondoa ukomo huo kabisa kwa `TimeoutSec=infinity`, na hapo ndipo panapofaa kuwa na subira: kwa hifadhidata. Kwa programu inayongoja, ukomo ni mzuri, mradi uwe na `Restart=` nyuma yake ya kuirudisha mchezoni.

## `Type=notify`

Kama huduma unayoingoja inaiweza, hii inaishinda skripti kwa kila hali. Badala ya programu kumi kugonga mlango mmoja kila sekunde, mwenye nyumba anafungua mwenyewe na kusema karibuni. PostgreSQL inaiweza tangu 9.6, mradi ijengwe kwa `--with-systemd`, na haitumi ujumbe wake mpaka imalize kujirekebisha. Laiti faili langu la siku ile lingekuwa na `Type=notify` badala ya `simple`, `After=` ileile ingetosha.

Kwa huduma unazoziandika mwenyewe, ugumu wake ni mdogo kuliko watu wanavyoudhani. systemd huiachia programu yako anwani ya soketi (mlango wa mawasiliano kati ya programu) katika `NOTIFY_SOCKET`, nawe unatuma maneno mafupi huko. Kwa Python, bila maktaba yoyote ya ziada:

```
import os, socket

def niko_tayari():
    anwani = os.environ.get("NOTIFY_SOCKET")
    if not anwani:
        return
    if anwani[0] == "@":
        anwani = "\0" + anwani[1:]
    s = socket.socket(socket.AF_UNIX, socket.SOCK_DGRAM)
    s.sendto(b"READY=1", anwani)
```

Muhimu ni mahali utakapoiita. Iite baada ya kufungua poti yako na baada ya kupata muunganisho wa kwanza wa hifadhidata. Ukiiita mstari wa kwanza wa programu, umerudi kwenye `simple` kwa njia ndefu. Na ukiweka `Type=notify` kwenye programu isiyotuma ujumbe kabisa, itangojwa sekunde 90 kisha itauawa ikiwa inafanya kazi vizuri tu. Nimeona mtu akihangaika na hilo siku nzima. Kama ujumbe unatumwa na skripti kupitia `systemd-notify --ready`, ongeza `NotifyAccess=all`, kwani anayetuma si mchakato mkuu.

## Soketi inayoshikwa na systemd

systemd ilipotangazwa mwaka 2010, wazo hili lilikuwa moyoni mwake. Badala ya kupanga nani atangulie, systemd yenyewe hufungua soketi ya huduma mapema kabisa. Mteja akija kabla huduma haijaamka, ombi lake hukaa kwenye foleni ya keneli (kiini cha Linux), na huduma ikiwaka inalikuta pale. Huduma zote zinawashwa kwa wakati mmoja na hakuna anayekataliwa. Unaweza hata kuiwasha upya huduma mchana na wateja wakaona kuchelewa kidogo tu badala ya kosa.

Ni njia nzuri sana ambayo kwa mfano wetu haiwezekani, kwa kuwa PostgreSQL haipokei soketi iliyofunguliwa na mwingine. Programu lazima iwe imeandikwa kuipokea. Gunicorn, seva ya programu za Python, inaweza, na huduma yako ndogo ya ndani inaweza ukiiandikia mistari michache. Kwa hiyo ninaitumia upande wa pili wa mnyororo: nginx, seva ya wavuti inayopokea wageni, ikiwa mbele na programu nyuma yake, nginx haitapata poti iliyofungwa wakati programu inaamka. Ila usisahau kwamba foleni hiyo ina ukubwa wake. Kwenye Linux tangu 5.4 ukomo wa kawaida ni 4096. Na mteja mwenye subira ya sekunde tano ataondoka sekunde ya tano, foleni iwe ndefu au fupi.

## Programu kujaribu tena yenyewe

Tunafika kwenye njia ninayoiona ni msingi, na nyingine zote kama nyongeza juu yake. Hifadhidata haianguki asubuhi tu. Itawashwa upya kwa ajili ya toleo jipya, itaishiwa kumbukumbu, mtandao utakatika sekunde tatu saa tisa alasiri. Wakati huo `After=` haipo, skripti ya kungoja haipo, `notify` haipo. Programu inayojua kujaribu tena ndiyo pekee iliyobaki imesimama.

Kuna namna mbili. Ya chini ni kuiacha programu ife na systemd iiwashe:

```
[Unit]
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=5
```

Mistari hiyo ingeniokoa usiku ule. `RestartSec=` ya kawaida ni milisekunde 100, ambayo kwa tatizo la kungojana ni fupi mno, na `StartLimitIntervalSec=0` huondoa ule ukomo wa mara tano. Angalia kwamba inakaa chini ya `[Unit]`, si `[Service]`. Kuanzia toleo la 254 unaweza pia kuongeza muda wa kusubiri hatua kwa hatua kwa `RestartSteps=` na `RestartMaxDelaySec=`.

Namna ya juu ni kuandika kujaribu tena ndani ya programu: ngoja sekunde moja, kisha mbili, nne, nane, mpaka thelathini, na kila mara ongeza kipande cha muda cha bahati nasibu ili michakato ishirini isigonge kwa pamoja hifadhidata inapoinuka. Hapa kuna jambo moja ambalo wengi huliacha: si kila kosa ni la kujaribu tena. PostgreSQL hukupa alama ya kosa. `57P03` maana yake bado haijawa tayari, ngoja. `28P01` maana yake nenosiri si sahihi, na hata ukijaribu mwaka mzima halitasahihika. Programu inayojaribu tena kwa kila kosa itaficha usanidi mbovu kwa masaa, huku ikionekana hai. Tenganisha hayo mawili. La pili liuwe programu papo hapo kwa ujumbe ulio wazi.

Udhaifu wa njia hii ni kelele. Ikiwa peke yake bila `After=`, kila kuwashwa kwa seva kutajaza logi makosa ambayo si makosa, na ukizoea kuyapuuza utapuuza na la kweli. Ndiyo maana ninaziweka pamoja.

## Diski na mtandao

Wakati mwingine unachokingoja si huduma. `After=network.target` ambayo imenakiliwa kwenye maelfu ya mafaili haikuhakikishii kwamba seva ina anwani. Faida yake hasa iko wakati wa kuzima. Ukihitaji anwani ya kweli, weka `Wants=network-online.target` pamoja na `After=network-online.target`. Bora zaidi, kama unaweza, ifanye huduma isikilize kwenye `0.0.0.0` ili isijali anwani imekuja lini, na uzuie kwa ukuta wa moto.

Diski ni jambo zito zaidi. Hifadhidata ikiwaka kabla diski yake haijapachikwa, itakuta saraka tupu. Ukiwa na bahati itakataa. Ukiwa huna, skripti ya kuanzisha itadhani ni usakinishaji mpya na kutengeneza hifadhidata tupu, kisha diski ipachikwe juu yake au isipachikwe kabisa, na programu ianze kuandika data mahali pasipo pake. Mstari mmoja unazuia hayo yote:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/data
```

Hapa, tofauti na kule juu, nataka ulazima. Afadhali hifadhidata isiwake kuliko iwake mahali pasipo pake.

## Kwenye kontena

Docker Compose, chombo cha kuwasha makontena kadhaa kwa pamoja, ina kosa lilelile kwa nguo nyingine. `depends_on` ya kawaida hungoja kontena lianze tu, yaani ni `simple` kwa jina jingine. Ili ingoje utayari, weka `healthcheck` kwa hifadhidata na `condition: service_healthy` kwa programu:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    healthcheck:
      test: ["CMD", "pg_isready", "-h", "127.0.0.1"]
      interval: 5s
      retries: 20
  programu:
    image: programu
    depends_on:
      db:
        condition: service_healthy
```

Hilo `-h 127.0.0.1` si pambo. Mara ya kwanza kabisa, picha hii ya PostgreSQL huwasha seva ya muda isiyosikiliza mtandao ili iandae data, kisha huizima na kuwasha ya kweli. Ukikagua bila `-h`, utaipata ile ya muda na kudhani kazi imekwisha.

Na kikubwa zaidi: `depends_on` hufanya kazi unapoendesha `docker compose up`. Seva nzima ikiwashwa upya na Docker ikirudisha makontena kwa sera ya `restart`, mfuatano huo haufuatwi. Kwa hiyo kwenye kontena, programu kujaribu tena si hiari.

## Mimi ningechaguaje

Kama programu ni yako: kujaribu tena ndani yake, pamoja na `Wants=` na `After=` kwa huduma halisi, na `Restart=on-failure` ya sekunde tano. Hapo huhitaji skripti yoyote. Ukiongeza `Type=notify` ili nginx nayo ijue programu iko tayari, umekamilisha mnyororo.

Kama programu si yako na hufa mara inapokosa hifadhidata: `After=` na `Wants=`, hakikisha hifadhidata ni `notify` au `forking` iliyotulia, kisha `Restart=` iliyolegezwa. Skripti ya `pg_isready` iongeze ikiwa tu hifadhidata iko kwenye seva nyingine, kwa sababu `After=` haioni nje ya mashine yake.

Mabadiliko yafanye kwa `systemctl edit programu`, si kwa kugusa faili lililokuja na kifurushi, ambalo litafunikwa toleo jipya likija. Ukishaongeza mistari ya `After=`, soma `journalctl -b` (logi ya tangu seva ilipowashwa) na utafute maneno `ordering cycle`. Huduma mbili zikingojana, systemd huvunja duara kwa kuacha kuwasha mojawapo, na inayoachwa huenda ndiyo uliyokuwa ukiihitaji.

Kisha jaribu. Kuwasha seva upya mara moja na kuona kila kitu kimeinuka hakuthibitishi chochote. Ilikuwa ikiinuka siku nyingi kabla ya kukuangusha. Icheleweshe hifadhidata kwa makusudi: tengeneza faili `/etc/systemd/system/postgresql@15-main.service.d/jaribio.conf` lenye

```
[Service]
ExecStartPre=/bin/sleep 40
```

na uwashe seva upya. Iangalie hali kwa `journalctl -b -o short-monotonic -u postgresql@15-main -u programu`, ambayo itakuonyesha sekunde kwa sekunde nani alimngoja nani. Kama programu imesimama kimya mpaka sekunde ya arobaini kisha ikaingia mara moja, foleni yako ni ya kweli. Halafu, mambo yakiwa yanaendelea, zima hifadhidata kwa dakika moja na uiwashe. Programu ikirudi bila wewe kuigusa, futa `jaribio.conf`, endesha `systemctl daemon-reload`, kalale.